Zege Lililotangulia Mirunda

"Mirunda ya kona ile nani ameikagua?"

Seremala aliuliza hivyo asubuhi ya siku ya zege. Walikuwa wanamwaga sakafu ya juu ya ukumbi wa kanisa. Mashine ilinguruma, vijana wamejipanga na ndoo, kwaya nayo imeshapamba moto.

Msimamizi wa kazi alimsikia vizuri. Alijua kwamba mirunda ya kona ile, miti ya kuegemeza sakafu, haikutosha, na mingine ilikuwa bado njiani. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru zege lichanganywe mapema, ili mchungaji na wageni wakute kazi imechangamka. Sasa zege liko tayari, pa kulimwaga hapako tayari. Kusimama ni kulitupa, na kulitupa mbele ya watu ni aibu. Aibu ya nani? Yake.

Seremala akamfuata, akamsihi wasubiri.

"Zege halilali, ndugu yangu," msimamizi akasema, na vijana wa ndoo wakacheka. "Au unaziogopa mbao zako mwenyewe?"

"Naogopa uzito, mzee. Simamisha."

"Ingia chini ukaongezee vipande. Sisi tunakwenda taratibu."

Akaingia na nyundo yake. Kona ilipoanza kulegea, msimamizi alipaza sauti wasimame, lakini sauti ya kwaya ilikuwa juu mno, na ndoo zikaendelea kupita mbele ya macho yake mpaka sakafu ikaanguka.

Walipomfikia seremala, zege lilikuwa limeshashika. Walilivunja kwa nyundo ili wamtoe. Kisha wakalitupa lote.

Na sisi, wapendwa, tungesemaje pale msibani? Kazi ya Mungu haina makosa? Mungu ndiye aliyechanganya zege kabla ya mirunda kufika? Kuna viwanda ambako kila mfanyakazi ana kamba karibu na mkono wake. Akiona kasoro anaivuta, kazi yote inasimama, na hakuna anayemgombeza. Kwetu anayevuta kamba tunamwita mwoga, tunamwita hana imani, tunamcheka, halafu tunamtuma chini akazibe pengo tulilolifanya wenyewe. Kisha tunamchangia rambirambi kwa moyo mweupe.

Nawaomba jambo moja. Wiki hii, mtu aliye chini yako akikwambia simamisha, simamisha kwanza, ndipo umuulize kwa nini.