Mgao Haumsubiri Mchaguzi

Mgao haumsubiri mchaguzi. Methali hii ilianza hivi, na ninyi mnaodhani inahusu sinia la wali tulieni kidogo. Mmekosea, halafu tena hamkukosea, kama vile alivyokosea bibi mwenyewe aliyeisema kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa Tabora, mtaa wa Isevya, mwaka ule mvua zilipogoma, mabwawa yakakauka na umeme ukawa wa zamu. Siku zile ukisema mgao mjini hakuna aliyefikiria chakula. Upande mmoja wa mji ukipewa umeme, upande wa pili unanyimwa. Isevya walipewa kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni. Ikifika saa hiyo taa zinakatwa, watu wanasema mgao umeanza, na hakuna aliyeonewa huruma, hata kama umemaliza kupiga pasi mkono mmoja tu wa shati.

Katika mtaa huo alikuwapo msichana wa miaka kumi na miwili, Kabula, na ng'ambo ya barabara alikaa binamu yake Maganga, mtoto wa shangazi yake, aliyemzidi mwaka mmoja. Binamu ni mtani, na hawa hawakuacha siku ipite bure. Maganga alimwambia Kabula kwamba ataolewa na kamusi, kwa jinsi alivyopenda vitabu. Kabula alimjibu kwamba kamusi angalau ina maneno ya maana.

Kilichowaweka pamoja kila alasiri ni gemu la televisheni la Maganga. Lilikuwa kijisanduku cheupe kilichogeuka rangi ya chai, chenye pedi mbili na kanda moja yenye michezo minne. Pedi moja kitufe chake kilikuwa kimezama ndani, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya Kabula, kwa kuwa mwenye gemu ni mwenye gemu. Umeme ulipowaka saa nane, mtaa mzima ulishangilia, na kabla shangwe hazijaisha Kabula alikwisha kuvuka barabara. Furaha ya namna hiyo, ya taa kuwaka tu, sidhani kama inapatikana dukani.

Basi baba yake Maganga, mtu wa reli, akapata uhamisho. Alipelekwa stesheni ndogo katika njia ya Mpanda, mahali ambapo hata nguzo ya umeme ilikuwa haijafika. Siku ya kuondoka ikapangwa Jumamosi, kwa treni ya saa moja jioni. Kabula alipoambiwa alisema, "Afadhali, nitapumzika," akaenda nyuma ya nyumba kulia mpaka akapata kwikwi.

Jumamosi hiyo Maganga akamwita mbio. Baba yake alikuwa amekwenda Dar kuchukua barua zake za uhamisho, na huko akamnunulia mwanawe kanda mpya ya kuagia. Juu yake iliandikwa kwa wino mwekundu: michezo mia tatu. Wakaichomeka saa nane kamili, majina yakajipanga kwenye televisheni, ukurasa baada ya ukurasa, yote kwa Kiingereza.

"Mia tatu!" Kabula akasema. "Tuanze na wa kwanza."

"Ndiyo maana nakwambia huna akili," alijibu Maganga. "Mimi nakwenda kukaa gizani. Huu ni mchezo wetu wa mwisho, halafu tuucheze mbovu? Tuchague kwanza ulio bora, ndipo tuucheze mpaka nitakapoitwa."

Maneno yale yalimwingia Kabula. Yeye naye hakutaka kumkumbuka binamu yake kwa mchezo mbovu. Akakimbia kwao kuchukua daftari na kamusi ya baba yake.

Wakaandika majina yote mia tatu. Kazi hiyo peke yake ilimaliza saa nzima na ushei, maana Kabula alipenda mwandiko mzuri na Maganga alipenda kusahihisha. Kisha wakaanza kufuta. Walifuta kila jina wasiloweza kulitamka. Walifuta kila lililoanza na herufi ile ile ya jina la mwalimu wa hesabu. Yaliyobaki wakayatafuta kwenye kamusi, moja moja, na kila neno lilizua ubishi. Maganga alitetea mchezo mmoja kwa nguvu zote kwa sababu ya neno "dragon", na kamusi iliposema ni joka akaufuta mwenyewe, kwa kuwa aliogopa nyoka. Kabula akacheka mpaka akalala sakafuni. Pedi zilikuwa mkekani wakati wote huo, na hakuna aliyezigusa.

Saa kumi yalibaki majina arobaini. Saa kumi na moja yalibaki tisa. Nje wajomba walikuwa wanafunga magodoro kwa kamba, na ndani mama yake Maganga alipita mara mbili akauliza kama wamekwisha. Mwishowe yakabaki matatu, na kwa Kiswahili cha Kabula yalikuwa Jenerali wa Chuma, Ngome ya Mwisho na Dhoruba.

Hapo ndipo wakagombana kweli. Maganga alitaka Jenerali. Kabula alishikilia Ngome, na akasema kama si Ngome basi yeye anarudi kwao. Maganga akasema basi iwe Dhoruba, wasipate wote wawili. Kabula akasema hata Dhoruba hataki, siku zote wanacheza anachotaka yeye, na kila siku pedi mbovu ni yake, na leo anaondoka na bado hajui kumwachia mtu hata jina moja. Maganga akamtazama, akashusha pumzi.

"Haya. Ngome," akasema. Akaokota pedi nzuri akampa Kabula, na yeye akachukua yenye kitufe kilichozama. "Bonyeza."

Kabula akaanza kushuka kwenye orodha kuitafuta Ngome, namba mia moja hamsini na nane. Alifika mia moja hamsini na mbili. Televisheni ikafanya "tiii", ikabaki nukta moja nyeupe katikati, na nukta nayo ikafa. Mtaa mzima ukaguna kwa pamoja.

Wakati huo bibi yao, Bibi Nyamizi, alikuwa jikoni akifunga viazi vya kuliwa njiani. Alikuwa amekuja kutoka Usoke kuaga, hakuwa mwenyeji wa mambo ya mjini, na kule kwake umeme ulikuwa wa radi tu. Akasikia wajukuu wanalia, akaja akijifuta mikono.

"Kuna nini, mume wangu?" alimwuliza Maganga.

"Mgao, bibi," Maganga akajibu.

"Mgao umefanyaje?"

"Umeanza."

"Mgao umeanza, nanyi mmekaa huku mnalia? Nendeni mkapokee!"

"Bibi, hauwezi kupokewa," Kabula akasema huku anafuta kamasi. "Ukishaanza ndio hatupati kitu tena."

Bibi Nyamizi akawatazama kwa zamu. Katika maisha yake aligawa nyama ya harusi na ya misiba mingi, na hakuwahi kusikia mgao wa namna hiyo. "Sasa wenzenu walipokuwa wanapata, ninyi mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunachagua."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa nane," akasema Maganga kwa sauti ndogo.

"Aaa!" Bibi akapiga makofi mara moja. Sasa alikuwa ameelewa, au alidhani ameelewa. "Basi msimlaumu mtu. Kwetu mtoto akipindua-pindua minofu chunguni, akiinua uso anakuta chungu kinaoshwa. Mgao haumsubiri mchaguzi, wajukuu zangu. Njooni mle viazi."

Wajomba waliokuwa barazani wakacheka mpaka wakaachia kamba za magodoro. Watoto hawakucheka. Walikula viazi vile kwa kuwa bibi alikuwa amewasimamia.

Maganga aliondoka jioni ile ile. Gemu akamwachia Kabula, kwa kuwa kule aendako lingekuwa pambo tu. Stesheni, treni ilipoanza kuvuta, alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Pedi nzuri ni yako sasa, we mke wa kamusi!" Kabula alitafuta jibu la kumtania, na hilo nalo likachelewa.

Kesho yake saa nane umeme uliwaka. Kabula akakaa peke yake mkekani. Akafungua namba mia moja hamsini na nane, Ngome ya Mwisho, akakuta vifaru viwili vya kivita, vya kijani, vinalinda ukuta wa matofali. Akafungua Jenerali wa Chuma. Vifaru viwili vya kijani, ukuta wa matofali. Akafungua Dhoruba, na Dhoruba ilikuwa vifaru vile vile, hata wimbo ulikuwa ule ule. Aliendelea mpaka saa kumi na mbili na kuhesabu michezo kumi na minne tu, iliyobadilishwa majina na kurudiwa mpaka ikatimia mia tatu. Walikuwa wamegombania mchezo mmoja. Wangeanza na wowote katika ile mitatu, wangecheza huo huo, mabega yao yakigusana, kwa saa nne nzima.

Tangu siku hiyo alichezea pedi mbovu. Ile nzuri aliilaza upande wa pili wa mkeka.

Maneno ya bibi nayo yakatoka nyumbani. Wajomba waliyapeleka kilabuni na stesheni, kwanza kama kichekesho cha bibi asiyejua umeme. Lakini mtu akasikia yanamfaa kijana aliyekuwa anawazungusha wachumba watatu, mwingine akamwambia mwanawe aliyeshindwa kuamua shule, na baada ya miaka kadhaa hakuna aliyekumbuka televisheni. Yakawa methali.

Maganga alirudi Isevya miaka ishirini na mitatu baadaye, katika arobaini ya Bibi Nyamizi, mtu mzima mwenye kitambi na mvi mbili tatu. Alikuwa na nafasi ndogo sana, maana gari la kumrudisha lingepita saa kumi. Kabula akaenda uvunguni akatoa gemu. Panya walikuwa wamekula waya wote. Wakalishika tu, kila mmoja upande wake.

Binti ya Kabula, aliyekuwa anawatazama, akasogea na simu. "Mjomba, humu kuna michezo mingi ya watu wawili. Ila chaji inaisha. Niwafungulie upi?"

Maganga akamtazama Kabula, naye Kabula akamtazama Maganga.

"Ulio karibu na kidole chako," wakasema kwa pamoja.

Ulikuwa mchezo mbaya, wa kuku wanaovuka barabara. Waliucheza wakiwa wamegusana mabega, Maganga hata viatu hajavua, wakitukanana kiutani mpaka watu wa arobaini wakaja kuchungulia dirishani. Kabula alishinda. Kisha simu ikazima, gari likapiga honi nje, na Maganga akainuka akicheka huku machozi yanamtoka.

Kwa hiyo, ninyi mliokaa tangu asubuhi mkibishana mcheze nini, mwenzenu anasafiri kesho, jueni hivyo. Mgao haumsubiri mchaguzi.