Kishungi Cheupe Ndani ya Ufa

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu. Na wakubwa waitike, maana hii inawahusu wao zaidi. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na jabali, na jabalini waliishi pimbi. Pimbi wa kahawia, kahawia, kahawia hadi ncha za masikio. Walijivuna, pimbi wale. "Sisi hatuoi nje, hatuozi nje," walisema. Binamu alimwoa binamu, na watoto wa binamu wakaoana. Mgeni akija kuposa, alifukuzwa kwa meno.

Walikuwa na desturi moja. Mtoto akizaliwa, siku ya saba nyanya yake, mama wa baba, alimnyofoa kishungi cha manyoya akakichomeka katika ufa wa ukoo. Vishungi vya kale vilikaa ndani, vipya vikakaa nje. Bila kishungi ufani, huna kwenu.

Basi Siwema, mke wa Makame, alikuwa na watoto wawili wa kahawia. Akazaa wa tatu, wa kike. Akamlamba, akamkausha, akamtazama. Mweupe. Mweupe pee. Siwema akampenda pale pale, kisha akaogopa.

Siku ya saba akaja mama mkwe, Bi Kirembo. Akamtazama mtoto. Hakunyofoa kitu, akageuka akatoka.

Maneno yakaanza, pss, pss, pss, ufa hadi ufa.

"Kashindwa kumchomekea kishungi. Huyo ni wa nje."

"Siwema katoka nje ya jabali."

"Weupe ule ni wa yangeyange."

Haya, pimbi wazima wanamsingizia ndege! Mtoto alikuwa na mabawa? Alikuwa na mdomo wa kudonolea? Lakini mwenye hasira haulizi hayo.

Makame akamwuliza mkewe, "Ni wa nani?"

"Ni wako."

"Mimi kahawia, wewe kahawia. Weupe umepita mlango gani?"

"Sijui, Makame. Ningejua ningekwambia. Ila mume mwingine simjui."

Makame akanyamaza. Kunyamaza kule kulimuuma Siwema kuliko matusi.

Baraza likakaa. Kigumu, mkuu wa walinzi, akatoa hukumu. "Mtoto alazwe juu ya jabali, jua la utosi. Tai akimwacha, ni wetu. Akimchukua, hakuwa wetu."

Nyie, mmewahi kusikia tai akimwacha mtoto mweupe juu ya jiwe jeusi? Nao walijua hivyo hivyo.

Wakamlaza. Wenyewe wakajibana nyufani. Jua likawaka. Mtoto akalia, nyii, nyii. Siwema akajichopoa mikononi mwao, akapanda mbio, akamlalia.

"Shuka, Siwema," Kigumu akasema.

"Sishuki."

"Utakufa naye."

"Basi nitakufa naye. Wanangu wawili waliobaki mtawaeleza wenyewe."

Juu kabisa, doa. Doa likazunguka. Kigumu akapiga mbinja ya hatari, fyiii! Kivuli kikapita jiweni. Kikapita tena, kikubwa zaidi. Siwema alisikia moyo wa mtoto ukidunda chini ya tumbo lake. Akafumba macho.

"Ni wetu huyo! Ni wetu!"

Alikuwa Bi Kirembo, anakimbia kwa miguu yake ya uzee. Akawasukuma mama na mtoto, wote watatu wakabingirika hadi ndani ya ufa wa ukoo. Vuuu! Kucha zikakwaruza jiwe, kwaa. Tai akapaa bila kitu.

Pimbi wakajazana ufani, wanahema. Bi Kirembo akaingiza mkono nyuma ya vishungi vya kahawia. Akatoa kimoja. Cheupe.

"Cha nani?" Makame akauliza.

"Cha dada yako. Nilimzaa kabla yako, mweupe kama huyu. Niliogopa midomo ya watu. Nikamlaza juu ya jabali mwenyewe, hakuna aliyenituma. Nikasema kazaliwa mfu."

Bi Kirembo akaingiza mkono tena, hadi bega. Akatoa kishungi cha mwisho kabisa, kikuukuu. Cheupe nacho.

"Hiki nilikikuta siku nilipoficha changu. Ni cha bibi yetu wa kwanza jabalini. Sote tumetoka kwake. Tangu siku ile nawaza, nahesabu. Kila mtoto tumboni hupewa vitu viwili, kimoja cha baba, kimoja cha mama. Cha kahawia kikikutana na cheupe, hukifunika. Lakini kufunika si kuua. Cheupe hukaa chini, kimya, kikaenda kwa mtoto, kikaenda kwa mjukuu. Siku baba na mama wote wawili wakitoa cheupe, cha kukifunika hakuna."

"Mbona wakubwa zake ni kahawia?" Kigumu akauliza.

"Wao walipata angalau kimoja cha kahawia. Kila mimba ni bahati yake, wala hakuna achaguaye. Na sisi tunaoana wenyewe kwa wenyewe, cheupe kile kile tunakizungusha humu humu. Mnamwita wa nje. Huyu ni wa ndani kuliko nyie. Na wewe Makame, nusu ya weupe huu umeutoa wewe."

Makame akainamisha kichwa. "Siwema, nisamehe."

Siwema hakumjibu siku hiyo. Na yeye aonje kunyamaza.

Bi Kirembo akamnyofoa mtoto kishungi, akakichomeka kando ya kile cha bintiye. "Jina lake Mwanasiti," akasema. "Ndilo nililomnyima yule wa kwanza."

Tangu hapo, kila asubuhi, pimbi walimpaka Mwanasiti udongo ili tai asimwone na jua lisimchome. Walipaka kwa zamu. Zamu ya kwanza alipewa Kigumu.

Funzo lake, wanangu na wazazi wenzangu: kisichoonekana si kwamba hakipo. Mtoto akija na rangi usiyoitarajia, usimkimbilie mama yake kwa maneno; kajitazame kwanza wewe, umebeba nini. Na mtoto hana kosa.

Hadithi yangu imekomea hapo, mlangoni pa ufa. Atakayepita asiache kuchungulia.