Swali la Pangoni

Mbwera alikuwa akifagia mlango wa pango analolitunza, Shelukindo, tajiri mwenye hoteli, aliposhuka garini.

"Jumamosi naleta wageni wangu kucheza dansi humu."

"Popo wananyonyesha, bwana. Kelele zitaangusha watoto wao."

"Popo hawanihusu!"

"Basi karibuni. Ila humu kila mke humuuliza mumewe swali moja gizani, na mume mwongo haoni njia ya kutokea."

Shelukindo alicheka. "Nani anaamini hayo?"

"Labda hakuna, bwana."

Jioni Mbwera alipita hotelini, akamwuliza mke wa Shelukindo kama ameshachagua swali lake. Mama huyo aliwapigia simu wake wa wageni wote.

Kesho yake asubuhi Shelukindo alihamishia dansi ufukweni, akitangaza kwamba popo wanaonyonyesha hawasumbuliwi.