Semboja na Desturi ya Kivuko

Paukwa!

Pakawa!

Kuna mto!

Tuvushe!

Haya, lakini huu si mto wa kuvuka kwa kelele. Wewe, acha kumchokoza mwenzio, sogea hapa. Hadithi hii mimi mwenyewe siipendi. Mmeitaka wenyewe.

Hapo kale palikuwa na mto usio na daraja, na watu wa pale walikuwa na desturi yao: mtu havuki peke yake. Ukifika kivukoni unangoja. Anakuja huyu, anakuja yule, mjuane msijuane, mnashikana mikono mnakuwa safu moja. Wa mbele anaita, "Hema!" Wote mnaitikia, "Haa!" mnatoa pumzi pamoja, mnapiga hatua pamoja. Hema! Haa! Hatua. Hema! Haa! Hatua. Hivyo hivyo mpaka ng'ambo.

Alikuwepo mtu jina lake Semboja. Mkewe alikufa, akamwachia binti mdogo, Kaoneka. Watu wakaja na pole. Pole asubuhi, pole mchana, pole jioni. Semboja akachoka, jamani, akachoka na watu na sauti zao! Akaenda mtoni, akamwona Korongo amesimama kwa mguu mmoja, kimya, hata jicho halipepesi.

"Korongo, nifundishe utulivu wako."

"Simama kwa mguu mmoja," akasema Korongo. "Fumba mdomo. Zuia pumzi. Usimjibu mtu."

Semboja akapanda jiwe pale pale kivukoni, akasimama. Akaja mfinyanzi na vyungu vyake: "Ndugu, nipe mkono tuvuke." Kimya. Akaja bibi kizee na kuku wake: "Mwanangu, nipe mkono tuvuke." Kimya. Akaja mgeni wa mbali, hata lugha haijui, akanyoosha mkono tu. Kimya! Wakangoja wengine, wakavuka nao. Semboja akajisemea moyoni, "Sasa nimetulia." Mtu mzima huyo! Misimu mitatu hakushika mkono wa mtu, ila wa mwanawe.

Msimu wa nne mvua ikanyesha, mto ukajaa. Kaoneka akashikwa na homa. Siku ya kwanza akakataa uji. Siku ya pili akakataa maji. Siku ya tatu akawa anamwita mama yake. Na mganga yuko ng'ambo. Semboja akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya marehemu, akakimbia kivukoni.

"Jamani, nipeni mkono nivuke! Mwanangu ananifia!"

Mnadhani walimnyima? Hawakumnyima. Mfinyanzi alikuwepo, bibi kizee alikuwepo, yule mgeni naye alikuwepo, na hakuna aliyemkumbusha la zamani. Bibi akasema, "Ingia katikati, mwanangu, tutakushika."

Wakaingia. Hema! Haa! Hatua. Maji magotini. Hema! Haa! Hatua. Maji kiunoni. Hema! Haa! Hatua. Maji kifuani. Kaoneka akanong'ona, "Baba, naogopa." Semboja naye akaogopa, akafanya kile alichokizoea. Akafumba mdomo. Akazuia pumzi. Akasimama tuli.

"Hema!" Wenzake wakaitikia, wakapiga hatua. Yeye hakupiga.

Safu ikakatika, maji yakampindua. Mgeni akamrukia, akamdaka mkono, akamng'ang'ania mpaka wakamfikisha ukingoni. Mgongoni palikuwa na kanga tupu.

Ee, nyamazeni tu.

Walimtafuta Kaoneka siku tatu, hawakumpata. Semboja akamwendea Korongo, analia: "Ulinidanganya! Ulinifundisha utulivu gani ule?"

"Utulivu?" Korongo akashangaa. "Mimi huwa navizia samaki. Utulivu ulisema wewe." Akadona maji, akameza, akaruka zake.

Tangu siku hiyo Semboja hakai mbali na kivuko. Mtu akifika, awe anamjua awe hamjui, anashuka, anatoa mkono. Anavusha wafinyanzi, anavusha vizee, anavusha watoto wa wenzake. Ni yeye anayeita "Hema!" siku hizi, sauti imemkauka. Na wapita njia, watu wenye adabu zao, hawaachi kumsalimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Watoto nyumbani hawajambo?"

Semboja anawashika mkono barabara. "Hawajambo," anasema. "Haya, twendeni."

Hadithi yangu imefika ng'ambo. Funzo lake ni hili: utulivu wa mtu umo kwa watu, na mkono wa usiyemjua upokee siku ile ile unaponyooshwa. Utamu wake, kama upo, chukueni. Uchungu niachieni mimi, nimeuzoea. Na kesho mkikutana na mtu njiani, msimpite kama kisiki.