Tinti ya Gari la Bwana Salehe

Hapo Pangani palikuwa na tajiri, Salehe bin Abdurabi, mwenye ndevu nyeusi tititi. Alitafuta sababu ya kumtoa Hiza Mbaruku katika kibanda alichompangisha, basi akaiponda tinti, ile karatasi nyeusi ya vioo, ambayo Hiza alimbandikia garini.

"Mbovu! Ninaonekana kama niko sebuleni. Fungasha vyombo!"

"Ingia garini, Bwana. Tumwite mkeo bila kumwambia kitu. Akikuona ndani, nahama leo leo. Asipokuona, nakaa."

Bwana Salehe akaingia, akafunga milango. Bi Mwanakheri akaja, akasimama mbele ya kioo kabisa. Mumewe akampungia mikono yote miwili, huku akichekelea.

"Shemeji," Hiza akauliza, majirani wakisikia, "hivi ndevu za Bwana ni nyeusi kweli?"

"Nyeusi wapi! Nyeupe kama pamba! Mimi ndiye ninayempaka piko, naye ameniapisha nisimwambie mtu."

Majirani wakaangua kicheko. Mlango wa gari ukafunguka kwa kishindo.

"Mwanakheri! Huoni kuwa nimo humu?"

"Ala! Kumbe umo? Wallahi sikukuona!"

"Basi mimi nakaa, Bwana," akasema Hiza, akarudi kibandani kwake.