Zimwi Lenye Fomu

Tegeni masikio, maana mazimwi nayo yanasikiliza.

Bi Mwatime alikuwa na wando kwenye mikoko, uzio wa fito unaonasa samaki maji yakipwa. Siku moja, maji yakiwa tele, zimwi la maji likaibuka ndani yake.

"Huna kibali cha kuvua! Nitakumeza, lakini kwanza tujaze fomu. Jina?"

Mwatime akaona maji yanaanza kupwa. Akataja lake, la baba, la babu. Maji yakafika kiunoni mwa zimwi.

"Ukoo?"

Akaanza na mashangazi wa Vanga. Maji yakafika magotini.

"Mashahidi?"

"Wako saba, mheshimiwa. Tuandike mmoja mmoja."

Maji yakaisha, na nguvu za zimwi zikaisha nayo. Likagaagaa topeni pamoja na chewa.

"Nifungulie, mama!"

"Andika barua," akasema Mwatime, akijaza kapu.

Mchuzi niliula mimi. Barua bado inasubiriwa.