Buku na Ubeti wa Pili

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Anayetafuna ameze kwanza.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa na chama cha nyumba. Kila mavuno, kila mmoja alipeleka ghalani mzigo wa nyasi za kuezekea. Nyumba ya mwenzao ikipatwa na balaa, ghala lilifunguliwa, ikajengwa. Masharti yao yaliimbwa siku ya karamu. Ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

Upepo ukivuma, tutakuja.
Moto ukiwaka, tutakuja.
Mti ukiangukia paa, tutakuja.

Hapo ndipo harufu ya kunde ilipopanda. Na hapo ndipo Buku, yule panya mkubwa mwenye mashavu ya kubebea karanga, alipoinuka kila mwaka. Pu, pu, pu, hadi chunguni. "Nimeshasikia," alisema. "Tutakuja, tutakuja. Wimbo mzuri."

Buku aliishi na wanawe katika nyumba aliyoachiwa na mama yake. Karibu na mlango palikuwa na alama ya kiganja cha mama, aliyoiacha udongo ungali mbichi. Buku aliigusa kila asubuhi akitoka. Alimkumbuka mama akiinama kila kiangazi, akipaka majivu kwenye nguzo, sha, sha, sha, huku akiimba. Siku zile Buku alidhani ni mchezo tu.

Masika yakabisha hodi. Upepo ukaja, vuuu, paa likaruka. Ukuta wa nyuma ukaanguka, puu. Mvua ikanyesha, karanga zote zikalowa.

Buku akamwendea Ngiri, mwenyekiti wa chama. "Mzee Ngiri, nijengeeni. Paa, ukuta, na karanga zangu mnirudishie. Wanangu wanatetemeka."

Ngiri akamwita Kigong'ota, ndege mgonga miti. Wakafika kwa Buku, Kigong'ota akaigonga nguzo ya ukuta iliyolala. Ko, ko, ko. Ikalia kama ngoma. Mchwa wakatoka, wamenona.

Kigong'ota akasema, "Dada Buku, paa limechukuliwa na upepo. Hilo ni letu. Ukuta umeliwa na mchwa. Huo ni wako."

"Mbona vimeanguka siku moja?"

"Vimeanguka siku moja. Havikuanza siku moja."

"Na karanga?"

"Chama ni cha nyumba," akasema Ngiri, "si cha vilivyomo."

"Nani alisema hayo?"

"Ubeti wa pili, mama. Ule tunaouimba wewe ukipuliza kunde." Ngiri akakohoa, akauimba:

Mchwa wakila, ni wako.
Nguzo ikioza, ni yako.
Kilichomo ndani, ni chako.

Wimbo huo Buku aliujua. Ndio aliokuwa akiuimba mama, akipaka majivu ya kuzuia mchwa.

Basi akakata nguzo mwenyewe. Wanawe wakakanyaga udongo. Ukuta uliposimama, chama kizima kikaja na nyasi, wakaezeka kabla ya mvua kubwa. Karanga hazikurudi. Walikula mizizi mpaka mavuno.

Ukuta wa mlangoni haukuanguka, na kiganja cha mama kipo. Kila kiangazi Buku huinama chini yake akapaka majivu, sha, sha, sha, akiimba. Wanawe hucheka. Wanadhani ni mchezo.

Ndugu zangu, ahadi ya kukulinda isikilize mpaka ubeti wa mwisho. Wenzako watakuja kwa ajili ya upepo. Mchwa wafukuze mwenyewe.

Hadithi yangu imetua hapo, nami nautua mzigo.